Ufa Ambao Fundi Aliuacha

Ufa mkubwa kuliko wote nyumbani kwetu Kahororo haujazibwa mpaka leo. Unaanzia juu ya dirisha la sebuleni, unashuka ukipinda kama mto kwenye ramani ya darasa la nne, unapotelea nyuma ya kabati la vyombo. Ulitokea Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, karibu saa tisa na nusu alasiri, tetemeko lilipopita Bukoba. Watu walikufa, nyumba nyingi zilianguka, na shule za Ihungo na Nyakato, ambazo wazee wetu huzitaja kwa ile sauti ya nshomile, ziliharibika vibaya. Yetu ilibaki imesimama. Mama alikuwa kwenye migomba, akarudi mbio na panga mkononi, kana kwamba kuna mtu wa kupigana naye.

Fundi aliyekuja baadaye alizunguka nyumba na kipande cha mkaa. Mama akamwonyesha ule ufa wa sebuleni. Akaupapasa, akaugonga kwa kidole. "Huu ni wa lipu tu, mama. Utakutia aibu kwa wageni, lakini hautakuua." Akaenda nyuma, jikoni, akachora msalaba kwenye ufa mwembamba kama unywele, pale kuta mbili zinapokutana juu ya mlango. Akasema ataanza na ule. Mama hakufurahi hata kidogo, maana pesa aliyokuwa nayo ilitosha kazi moja, na ufa wa jikoni hakuna mgeni anayeuona.

Fundi yule nilimkumbuka mwaka jana, nikiwa nyumbani likizo, siku mdogo wangu aliposhuka kwenye bajaji na begi la kompyuta. Ni mtoto wa mama mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wangu tu, hakuna cha binamu. Anafanya kazi Dar es Salaam na analipwa kuvunja mifumo ya kompyuta ya watu kwa ruhusa yao, ili waone mwizi angepita wapi. Safari hii alikuwa amepewa siku mbili kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo cha huku kwetu. Jina nalihifadhi. Mama yangu ni mwanachama. Pesa yake ya kahawa imo humo, na ya ada ya wadogo zangu ilipitia humo, kwa hiyo sikuwa mwandishi asiye na upande.

Viongozi wa chama walikuwa na hofu ya muda mrefu. Mutukula si mbali na hapa, na wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mpaka. Oktoba 2020, kule Uganda, wezi waliingia kwenye kampuni ya kati iliyounganisha fedha za simu na benki, na kwa siku kadhaa watu wakashindwa kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Habari ile ilifika huku ikiwa imenenepa, kama kawaida ya habari, lakini kiini chake kilikuwa kweli. Mwenyekiti, mzee makini sana, akauliza swali ambalo natamani viongozi wengi wangeliuliza: "Sisi tukiingiliwa, tutajua?"

Kabla ya kugusa kitu, mdogo wangu alidai barua yenye sahihi na muhuri: kompyuta zipi, siku zipi, saa ngapi, na nini kisiguswe. Niliona ni urasimu. Akaniambia bila barua ile, kazi yake yote ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama nia yake ni njema kama ya padri. Barua ilikataza jambo moja kwa herufi kubwa: asiwahadae wafanyakazi.

Asubuhi ya kwanza aliitumia kuhesabu. Programu yake ilipita kwenye mtandao wa ofisi ikigonga kila mlango, ikarudi na orodha ya udhaifu 63. Kumi na moja ulikuwa na rangi nyekundu. Mimi nilidhani kazi imeisha: si ungeanza na nyekundu? Jioni tukakaa barazani Kahororo, upepo wa ziwa unapuliza, mama ametuwekea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, yeye anakata mistari kwa penseli.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Udhaifu ni tundu. Eksploiti ni kile kipande cha programu kilichoandikwa mahsusi kupita kwenye tundu hilo, na si lolote lingine. Watu hufikiri mdukuzi ana ufunguo malaya unaofungua kila kufuli. Hana. Ana mfuko mzito wa funguo, nyingi zimepinda, baadhi zitavunjikia ndani ya kufuli, na kazi yake kubwa ni kujua upi asiuchomeke.

Alikata kwanza zile ambazo programu yake ilizibahatisha: iliona jina la toleo la zamani ikadhani kuna ugonjwa, kumbe kiraka kilishawekwa. Akakata zile zinazohitaji mtu awe tayari amekaa kwenye kiti cha mhasibu. Nikamuuliza moja yenye alama tisa na ushee kati ya kumi, mbona anaikata? Akasema alama ile hupima ukubwa wa madhara tundu likitumika, haisemi kama kuna mtu yeyote duniani anayelitumia. Akanionyesha orodha nyingine, ambayo shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, limekuwa likiitoa tangu Novemba 2021, ya matundu ambayo wezi wameshayatumia kweli. Ni fupi sana ukilinganisha na bahari ya matundu yanayojulikana. Tundu lenye alama saba lililomo humo analiogopa kuliko la tisa lisilomo.

Mpaka kahawa zinaisha kisahanini, 63 zilikuwa zimebaki mbili.

Ya kwanza ilinifanya nikae wima. Kompyuta iliyotunza leja ya wanachama ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuitunza Januari 2020, na ilikuwa na tundu lile la EternalBlue. Hata wewe usiyejali kompyuta unalijua kwa matokeo yake. Silaha ilitengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Ikavuja hadharani Aprili 2017. Mwezi uliofuata WannaCry ikaitumia kufunga kompyuta dunia nzima, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Na hapa Bukoba, miaka yote hii, tundu lipo wazi, leja ya mama yangu ndani yake! Kichwa cha habari nilishakiona.

"Hiyo siipigi," akasema.

Akafungua Metasploit, lile ghala la eksploiti ambalo H. D. Moore alilianzisha mwaka 2003 na ambalo wapimaji wengi hulitumia. Kila eksploiti humo hupewa daraja, saba kwa jumla, na daraja halipimi umaarufu. Linapima uaminifu: itafanya kazi bila kuua huduma inayoiingia? Ya daraja la juu haiangushi kitu. EternalBlue, mwenye jina kubwa namna ile, ana daraja la wastani. Wastani! Ikikosea hesabu kwenye kumbukumbu ya mashine, mashine inaanguka, skrini ya bluu, basi.

"Na wiki hii wanalipa watu wa kahawa," akaendelea. "Leja haina nakala popote. Ikianguka nikiwa nimeishika mimi, dada, mwizi atakuwa nani?"

Nikamwambia wasipoona inavunjwa hawataamini. Akacheka. "Wewe unataka mlipuko."

Ni kweli nilitaka. Alichofanya ni kuiuliza tu ile mashine, kwa mbali na kwa upole, kama ina tundu, ikakiri, akapiga picha ya jibu. Kwenye ripoti iliwekwa ya kwanza kabisa kati ya vitu vya kurekebisha. Kwenye orodha yake ya kushambulia haikuwemo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba orodha hizo ni mbili, na kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa cha kwanza huku na kisiwepo kabisa kule.

Ya pili ilikuwa ruta, ile ya ukutani, yenye neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Hapo hata eksploiti haihitajiki, unaandika tu na mlango unafunguka. Niandike nini sasa, kwamba mdogo wangu ameshinda ruta?

Halafu kulikuwa na ya tatu, ambayo haikutoka kwenye programu. Ilitoka kwangu.

Mchana ule mama mhasibu alinikaribisha chai. Ni jirani yetu, alinifunga lemba siku ya kipaimara changu, na amekaa kwenye kiti kile zaidi ya miaka kumi bila shilingi kupotea. Nyuma yake kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, neno moja lenye namba mwishoni. Kazi yangu ni kuona vitu. Usiku, barazani, nikamtajia mdogo wangu, tena kwa fahari. Alinyamaza muda mrefu.

"Ungeniacha nisijue," akasema.

Maana kwa neno lile angemaliza kazi kwa dakika mbili, kwa njia ambayo kila mjumbe wa bodi angeielewa. Na ndiyo shida yenyewe. Ukiingia kwa Windows 7, wa kulaumiwa ni mashine na bajeti. Ukiingia kwa ruta, ni yule kijana aliyeifunga akasahau. Ukiingia kwa kalenda, ni mwanamke mwenye miaka hamsini na saba, na kesho yake atakuwa shambani. Lakini kunyamaza nako hakuwezekani: wanachama ndio waliomlipa, mama yangu mmojawapo, na mwizi akija hatauliza umri wa mhasibu.

Asubuhi ya pili akaenda akamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, mlango umefungwa. Kumbe neno lile halikuwa lake peke yake. Chama kilinunua nafasi moja tu ya kuingilia kwenye mfumo, kupunguza gharama, na watu watatu waliitumia kwa zamu. Aliliandika ukutani kwa sababu wenzake walikuwa wakimpigia simu hata akiwa kanisani.

Kwa hiyo aliingia kwa ruta. Alifika kwenye folda ya pamoja, akakuta orodha ya mikopo ya watu wote, akasimama hapo hapo kama barua ilivyomtaka. Neno la ukutani hakulitumia. Akaliandika kwenye ripoti hivi: watu watatu wanashiriki akaunti moja kwa uamuzi wa chama, neno lake linaonekana na mgeni yeyote, kila mmoja apewe yake. Kwenye kikao, mjumbe mmoja aliuliza mara mbili: "Nani aliliandika?" Mara zote mbili mwenyekiti akajibu yeye kabla mdogo wangu hajafungua mdomo: "Sisi tuliokataa kununua tatu."

Nilirudi Desemba, msimu wa senene. Kompyuta ya leja ni nyingine, na kuna nakala inayohifadhiwa kwenye jengo jingine. Ruta ni ile ile, neno la siri jipya. Nilipita ofisini kumsalimia mama mhasibu. Ukutani ilipokuwa kalenda pamebaki pembenne ya rangi safi. Akanimiminia chai, akanisogezea sahani ya senene wa kukaanga, akaketi.

"Siku hizi nina neno la herufi kumi na sita, peke yangu," akasema. "Waitu, na wewe ukija hapa, kaa kiti kile kinachotazama dirisha."