Shabaha na Nuru

Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni ya kweli shambani, kwa maana ardhi humngoja mwenye jembe. Akikosea pigo la kwanza hupiga la pili. Walakini haimfai mlinzi wa wanyamapori aliyesimama na bunduki ukingoni mwa shamba la mtama, tembo wakiwa mbele yake na wanakijiji nyuma yake. Huyo hana hakika ya pigo la pili. Chombo chake hakina budi kuchaguliwa, na sehemu inayotaka uangalifu mkubwa ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Sehemu hiyo ni kinundu cha shabaha, kilichosimama juu ya mtutu karibu na mdomo wake, ambacho jicho hukilinganisha na mwanya wa nyuma na kitu kinacholengwa.

Aghalabu watu hudhani kinundu chema ni kile king'aacho. Dhana hiyo si sahihi. Jicho halioni kitu kwa sababu ya mng'ao wake tu. Hukiona kwa sababu kinatofautiana na kilicho nyuma yake. Kwa hiyo mafundi wa bunduki wametumia kwa miaka mingi vinundu vya namna tatu: cheusi cha chuma, cha manjano cha shaba au dhahabu, na cheupe. Kila kimoja ni bora katika saa yake, na kila kimoja huweza kumsaliti mwenyewe katika saa isiyo yake.

Uwanda wa Dodoma, ulioinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Miezi ya kiangazi, mvua ikiwa imekwisha katika Aprili, majani hukauka yakawa meupe, na vumbi huning'inia hewani. Jua la utosi likiwaka juu ya nchi kama hiyo, kinundu cheupe hupotea kama chumvi katika unga. Cheusi huonekana wazi, na kingo zake hukatika sawasawa. Ndiyo maana walenga shabaha wa viwanjani hukipaka kinundu masizi ya mshumaa kabla ya kushindana, wauondoe mng'ao wote.

Kinundu cha shaba huonekana vema ndani ya vichaka vizito kama vile vya Itigi, mahali ambapo nuru hupenya kwa matone. Lakini kikiwa na uso wa mviringo, nje ya kichaka kina hila. Jua likiwa upande wa kushoto, upande huo peke yake hung'aa, na jicho hudhani kwamba nusu ing'aayo ndiyo kinundu kizima. Mlengaji huiweka nusu hiyo juu ya shabaha, na risasi huenda kulia. Jua likiwa kulia, huenda kushoto. Kosa hili laonekana dogo, lakini hesabu yake ni kali. Ikiwa kati ya kinundu na mwanya wa nyuma pana sentimita 60, basi kosa la milimita moja mdomoni mwa mtutu huwa sentimita 10 katika umbali wa mita 60. Ubongo wa tembo ni mdogo ndani ya fuvu kubwa, na sentimita 10 zatosha kumfanya mnyama ambaye angeanguka papo hapo awe majeruhi mwenye ghadhabu, atakayelipiza maumivu yake kwa mtu asiyejua habari ya risasi ile.

Basi yaja saa ya magharibi. Katika Ugogo machweo ni mafupi. Tangu jua kuzama mpaka giza kushika haizidi sana nusu saa. Katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba, kama Swagaswaga na Rungwa, tembo wanaofuata mtama na uwele hupenda kuja wakati huo na baadaye. Cheusi juu ya ngozi ya kijivu katika utusitusi ni sawa na kutokuwa na kinundu. Hapo cheupe ndicho mfalme. Zamani kilichongwa kwa pembe ya ndovu, au kwa jino la ngiri, hata ikawa tembo alilengwa kwa kipande cha mwili wa tembo mwenzake. Tangu biashara ya pembe kati ya mataifa ilipopigwa marufuku mwaka 1989, mafundi wana sababu zaidi ya kutumia rangi na plastiki.

Wengine hutafuta wokovu katika ukubwa. Lakini kinundu chenye upana wa milimita 3, kikiwa sentimita 90 mbele ya jicho, hufunika sentimita 20 za mnyama aliye umbali wa mita 60. Mlengaji hukiona kinundu asione anachokilenga. Mafundi wa Uingereza walipatanisha mambo haya kwa kuweka viwili: kidogo cha mchana, na kikubwa cheupe kinachoinuliwa jioni. Siku hizi viko pia vinundu vya tritiamu ving'aavyo gizani vyenyewe, lakini navyo hupoteza nusu ya nuru yao katika miaka 12 hivi.

Shida kubwa, basi, si uhaba wa vinundu. Ni kwamba bunduki hununuliwa mchana na kujaribiwa mchana, ilhali hatari ina saa yake. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake walichapa uchunguzi wao juu ya mashambulizi ya simba kusini mwa Tanzania kati ya 1988 na 2009. Waliona kwamba watu walishambuliwa zaidi katika saa za kwanza za usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati jua limekwisha kuzama na mwezi haujachomoza. Hatari ya tembo shambani nayo si ya adhuhuri. Mlinzi mwenye busara na aende kiwanjani jua likizama, ainue bunduki yake kuelekea kitu cheusi, na ahesabu dakika ambazo bado anakiona kinundu. Dakika hizo ndizo mpaka wa haki yake ya kufyatua risasi. Zikiisha, ujasiri wa kweli ni kuishusha bunduki.