Salamabila: Disiki ya bei nafuu isipoteze masimulizi ya waliokimbia vita

Huko Salamabila, wilayani Kabambare, kupiga video si shida tena: simu inatosha. Shida ni kuitunza. Saa moja ya video ya HD kamili inaweza kula giga 8, na simu hujaa upesi. Ndiyo maana anayehariri anatafuta disiki ya nje.

Aina ni mbili. Ya kwanza ina sahani inayozunguka ndani. Bei yake ni ndogo na nafasi ni kubwa, lakini ikianguka wakati inazunguka inaweza kufa na vyote vilivyomo. Ya pili, SSD, haina kinachozunguka. Ni ghali zaidi, ila inavumilia mitikisiko ya pikipiki na haichelewi wakati wa kuhariri.

Mwenye pesa kidogo afadhali anunue SSD ndogo. Ile inayoandikwa tera 16 kwa dola chache ni ya uongo: inapokea video, kisha mpya zinafuta za zamani kimya kimya. Mnunuzi apatane na muuzaji kwamba inaweza kurudishwa, aijaze mpaka mwisho, kisha afungue video zote, za kwanza na za mwisho.

Mama aliyekimbia kijiji chake akishasimulia mbele ya kamera, si haki kumrudisha kwenye machungu yale kwa sababu disiki imekufa. Na uso wake ukifika kwa waliomfukuza, ni hatari. Nakala ziwe mbili, zikae sehemu mbili, zote zifungwe kwa neno la siri.