Mzimu wa Mto Sebeya

Watu wengi husimulia habari za mizimu walizozisikia kwa wengine. Mimi nitawasimulia habari za mzimu niliokwenda kuutafuta mwenyewe.

Kwetu ni Mahoko, mji mdogo wenye soko, kando ya barabara itokayo Musanze kwenda Gisenyi. Hapo hupita mto Sebeya, ambao hutoka milima ya upande wa Gishwati na kuingia Ziwa Kivu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa bondeni, karibu sana na mto. Usiku wa masika, mvua iliponyesha sana milimani, tulisikia sauti kutoka mtoni: gu-gu-gu, kama mwanamke asagaye mtama juu ya jiwe. Watoto wote tuliamini kuwa ni mzimu.

Nilipokuwa na miaka 12, binamu yangu nami tulikata shauri kwenda kuuona. Usiku mmoja tulitoka kimya, tukachukua tochi, tukapita katikati ya migomba mpaka ukingoni. Sauti ikazidi. Ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zetu. Binamu yangu akatimua mbio, akaniacha peke yangu. Magoti yaligongana, lakini niliwasha tochi. Sikuona mtu wala mzimu. Niliona maji ya udongo tu, yakienda kwa nguvu.

Asubuhi tulirudi. Loo! Jiwe kubwa ambalo akina mama walianikia nguo halikuwapo mahali pake. Tulilikuta mbali, upande wa chini. Tulipomwuliza mwalimu wetu, alisema kuwa mto ukijaa huviringisha mawe, nayo hugongana na kusagana chini ya maji. Kumbe mzimu ni mawe! Nilimwambia bibi kwa majivuno. Akajibu, "Haya, mjukuu wangu, ni mawe. Lakini yakisaga, usilale bondeni."

Sikuyatia maanani maneno hayo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha. Sauti ile ikaanza, kubwa kuliko siku zote. Bibi akaniamsha. Nikamwambia, "Bibi, ni mawe tu," nikajifunika tena. Hakubishana nami. Alilivuta blanketi, akanipa mdogo wangu nimbebe mgongoni, akaenda kugonga milango ya majirani. Wengine walitoka. Mmoja alijibu kutoka ndani kuwa mvua itapita. Basi tukapanda mlima gizani, tukiteleza na kuloa.

Kulipokucha tulitazama chini. Nyumba yetu haikuwapo; palikuwa na matope na mawe. Katika nchi yetu watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku ule. Jirani yule aliyejibu kutoka ndani alikuwa mmoja wao.

Sasa nina miaka 19. Wadogo zangu huniuliza kama ni kweli mtoni kuna mzimu. Nawaambia kuwa hakuna, na nawaeleza habari za mawe kama nilivyofundishwa. Kisha nawaeleza habari za lile blanketi, ingawa naona haya. Mimi nilijua sauti ile hutoka wapi. Bibi alijua inatuambia nini.