Kazi ya Kukausha: Maisha ya Mkuzaji wa Okidi Ndogo Lushoto

Okidi ni jina la jumla la ukoo mkubwa wa mimea itoayo maua, wenye spishi zaidi ya 25,000 zilizoenea karibu mabara yote, na okidi ndogo, kwa maana inayotumika katika tawasifu hii, ni ile ambayo mmea wake uliokomaa, ukiliacha shina la ua, hauzidi sentimita 15 kwa kimo. Kipimo hicho hakikutoka kwa wanasayansi bali ni makubaliano ya wakuzaji, na faida yake ni kutenganisha kazi mbili zisizofanana: Ansellia africana, okidi kubwa ya manjano yenye madoa, huweza kufunga kichaka kinachomshinda mtu mmoja kukibeba, ilhali mmea mzima wa Angraecopsis breviloba, mizizi yake ikiwamo, hulala katika kiganja cha mtoto na kubakiza nafasi. Mwandishi ameishi na kundi hili la pili kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, kwanza akiwa kibarua na hatimaye msimamizi katika mashamba ya waridi mkoani Arusha, kisha akiwa mkuzaji nyumbani kwake Lushoto, katika Usambara Magharibi, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mambo ya nyumba na ukoo wake hayamo humu, isipokuwa pale yanapogusa kazi.

Mashamba ya waridi ya Arusha, ambayo mazao yake husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, ndiyo yaliyompa mwandishi elimu yake ya kwanza ya kitalu nyumba, yaani fremu ya mabomba ya chuma iliyofunikwa kwa nailoni ngumu ili mkulima aweze kutawala joto, mvua na wadudu badala ya kuviachia majaliwa. Humo kibarua hujifunza kusoma kipimajoto na kipimaunyevu kabla jua halijapanda, kufuata mipira ya umwagiliaji wa matone na kuzibua matundu yaliyoziba kwa chumvi, na kugeuza jani la chini ili kumwona utitiri mwekundu kabla hajafuma utando wake. Ni elimu nzuri, na mwandishi hajapata kuidharau. Lakini ni elimu ya waridi, mmea wenye mizizi ardhini na njaa isiyoisha, unaolipa kila lita ya maji na kila kilo ya mbolea unayopewa. Shamba moja, ambalo halitatajwa, lilikuwa na desturi ya kuwaingiza wavunaji ndani ya kitalu kabla ya kwisha kwa muda wa kusubiri baada ya dawa kupulizwa, na kikohozi kilichowapata wengi wao, mwandishi akiwamo, ndicho kilichomwondoa katika ajira na kumwachia msimamo ambao hajaubadili: katika banda lake la okidi hakuna sumu inayopulizwa. Vidung'ata hufutwa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, wadudu magamba hukwanguliwa kwa mswaki mkuukuu, na koa huvuliwa usiku kwa tochi. Katika banda kubwa utaratibu huo usingewezekana, lakini pale ambapo mimea mia mbili hutosha kwenye ukuta mmoja, mtu mmoja huweza kuikagua yote kabla ya chai ya asubuhi.

Okidi zenyewe mwandishi alianza kuziona si msituni bali kwenye mashamba ya kahawa yaliyopakana na yale ya maua, ambako kila msimu wa kupogoa matawi ya mikahawa na ya miti ya kivuli yalikatwa na kurundikwa kwa ajili ya kuni, yakiwa bado yamevaa kuvumwani na vimea vidogo vyenye majani mazito. Okidi hizo huitwa epifaiti, maana yake mimea inayokaa juu ya mimea mingine kwa kuishika tu, bila kuinyonya. Mwenye shamba anayeikwangua kwa kuogopa kwamba inaua mti wake anaihukumu kwa kosa la kirukia, ambacho kweli ni kinyonyaji. Kwa kuwa matawi yale yalikuwa yanakwenda jikoni, wenye mali walimruhusu kuyachukua, huku wakishangaa kwamba mtu mzima anaomba kitu kisicholiwa na kisichowaka vizuri.

Ili kueleza kwa nini elimu ya waridi haikutosha, inafaa kuutazama mzizi mmoja kwa karibu. Mzizi wa Aerangis luteoalba, okidi ya Afrika Mashariki na ya Kati ambayo maua yake ya rangi ya krimu yana kitovu chekundu katika aina iitwayo rhodosticta, huonekana ukiwa mkavu kama uzi wa rangi ya fedha uliobandikwa juu ya gome, na ncha yake peke yake ndiyo ya kijani. Rangi ile ya fedha ni velameni, tabaka la seli zilizokufa na kubaki tupu, ambalo hunyonya umande au mvua kwa muda mfupi sana kisha huukabidhi mzizi hai ulio ndani. Mkuzaji akinyunyiza maji, huona mzizi ukigeuka kijani mbele ya macho yake, kwa sababu velameni iliyojaa maji hupitisha nuru na kuacha klorofili ya ndani ionekane. Baada ya saa kadhaa, hewa ikiwa inatembea, weupe hurudi. Mabadiliko hayo mawili ndiyo saa ya mkuzaji. Mzizi usiorudia weupe wake hadi kesho yake ni mzizi unaokosa hewa, na usipopata hewa huoza, ukawa mrija wa kahawia unaovuliwa kwa vidole na kuacha unyuzi mwembamba wa katikati. Okidi kubwa hustahimili kupoteza mizizi kumi kwa kuwa imeweka akiba katika mashina na majani yake. Okidi ndogo yenye mizizi sita haina pa kukopa.

Hapo ndipo hoja ya mwandishi ilipo: kukuza okidi ndogo ni kazi ya kukausha kwanza, na kumwagilia ni sehemu yake iliyo rahisi. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambao nyumba zao hupashwa moto wakati wa baridi na hewa yake hukauka mno, kwa hiyo ushauri wake karibu wote ni wa kuongeza: ongeza joto, ongeza unyevu, funga milango. Lushoto hali ni kinyume. Tangu masika hadi mwisho wa kipupwe ukungu huingia wenyewe bila kualikwa, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Kitalu nyumba kilichozibwa kwa nailoni, ambacho kwa nyanya ni neema, hukusanya hewa ya ubaridi iliyolowa na kuilaza juu ya majani hadi asubuhi, na madoa meusi ya bakteria hufuata. Banda la mwandishi kwa hiyo lina paa la nailoni tu la kuzuia mvua ya kupindukia, chini yake kuna neti ya kivuli inayokata takriban nusu ya mwanga, na pande zote nne ni wavu wa kuku unaoruhusu upepo wa bondeni kupita utakavyo. Feni ndogo huwashwa katika siku za ukungu mzito, umeme ukiwapo.

Vyungu ni vichache humo. Mimea mingi imefungwa juu ya vipande vya matawi yenye gome korofi lisilobambuka, kwa mshipi wa kuvulia samaki unaokatwa mizizi mipya ikishashika, na kila kipande huning'inizwa kwa waya kikiwa kimeinama kidogo ili maji yasituame katikati ya majani. Spishi zisizopenda kukauka kabisa, kama baadhi ya Polystachya, huwekewa vipande vya makumbi ya nazi au kuvumwani kidogo chini ya mizizi, kidogo kwa maana halisi ya neno, kwa sababu makumbi yaliyokwisha kuoza hushika maji kuliko udongo. Maji hutoka kwenye mapipa yanayokinga mvua ya bati, ambayo hayana chumvi ya kuziba velameni, na mbolea huchanganywa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, tena wakati mizizi inaota tu. Kunyunyiza hufanywa asubuhi, ili jua na upepo vimalize kazi kabla ya magharibi. Utaratibu huu una sababu ya kibiolojia: okidi nyingi zenye majani manene hufungua vitundu vya majani yao usiku badala ya mchana, zikaingiza hewa ya kaboni dayoksaidi na kuihifadhi kama asidi hadi jua litoke, na jani lililofunikwa na utando wa maji usiku kucha hunyimwa nafasi hiyo.

Katika mkusanyiko huo ipo Microcoelia exilis, inayopatikana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini na hata Madagaska, ambayo haina majani kabisa: ni fundo la mizizi ya kijivu, na mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Wageni wengi huipita wakidhani imekufa. Ipo pia Aerangis kirkii, ya pwani na nyanda za chini, ambayo jina lake humkumbuka John Kirk, konseli wa Uingereza mjini Zanzibar katika karne ya 19 na mpenda mimea wa kweli. Hiyo huona baridi Lushoto, na huwekwa karibu na ukuta wa jiko.

Maua meupe ya Aerangis na jamaa zake hunukia jioni, na nyuma ya kila ua hutokeza mrija mwembamba wenye mbochi, yaani maji matamu, ambao ni nondo mwenye mdomo mrefu tu anayeweza kuufikia. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu uchavushaji wa okidi, alitabiri kutokana na urefu wa mrija wa Angraecum sesquipedale ya Madagaska kwamba lazima awepo nondo mwenye mdomo unaolingana nao, na mwaka 1903 nondo wa Madagaska mwenye mdomo wa namna hiyo alielezwa na kupewa jina. Katika banda mtu huchukua nafasi ya nondo: ncha ya kijiti cha kuchokolea meno hunyanyua vifurushi viwili vya chavua vyenye rangi ya manjano, vilivyoungana kwa kikonyo chenye gundi, na kuvipachika katika kishimo chenye utelezi kilicho ndani ya ua lingine. Mkono ukitetemeka, ua la milimita chache huvunjika. Mwandishi hulifanya zoezi hili akiwa ameegemeza viwiko mezani na miwani miwili puani.

Tunda likikomaa hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa ngozi na kiini bila akiba yoyote ya chakula, na hii ndiyo sababu wakuzaji wa karne ya 19 walizipanda wakaambulia miche michache mno. Mfaransa Noël Bernard aligundua mwaka 1899 kwamba porini mbegu ya okidi huota kwa kulishwa na kuvu, na Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha mwaka 1922 kwamba kuvu huyo anaweza kuachwa ikiwa mbegu itapandwa juu ya chakula chenye sukari ndani ya chupa isiyo na vijidudu. Maabara ya mwandishi ni kona ya jikoni: chupa za jemu zilizotiwa sukari, madini na agari, huchemshwa katika sufuria ya presha, kisha mbegu zilizooshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo humwagwa ndani yake kupitia sanduku la kioo lenye matundu mawili ya mikono. Agari, ute ugandao kama jeli, hutoka kwenye mwani, lakini mwani unaolimwa Unguja na Pemba hutoa karajini, ambayo ni kitu kingine, kwa hiyo agari hununuliwa ghali. Kutoka chupani hadi ua la kwanza ni miaka 3 hadi 5 kwa spishi nyingi, na kwa sababu hiyo wengi hukata tamaa na kukimbilia msituni.

Kuhusu msitu, mwandishi hana upole. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kama CITES, ulipitishwa Washington mwaka 1973 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1979, na chini yake mimea ya porini ya ukoo mzima wa okidi haivuki mpaka wa nchi bila kibali. Pamoja na hayo, katika nyanda za juu kusini viazi vya okidi za ardhini vimekuwa vikichimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na ulinzi wa maua hayo ni miongoni mwa sababu zilizofanya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mchimbaji wa kijijini ana shida ya ada ya shule. Anayestahili lawama zaidi ni mkusanyaji mwenye pesa, na wapo waliofika Lushoto wakimtaka mwandishi awapatie mimea ya porini bila karatasi, wakidai kwamba ile ya chupani haina thamani. Waliondoka mikono mitupu.

Msomaji anayetaka kuianza kazi hii na aanze na mche mmoja uliooteshwa chupani, aufunge kwenye gome, autundike mahali penye upepo, na asiununue wa pili hadi auone mzizi mpya kwenye ule wa kwanza. Muuzaji na aulizwe mche ulitoka kwa mbegu ya nani. Akishindwa kujibu, mche huo usinunuliwe, hata ukiwa tayari una maua.