Nyimbo za bendi ni za nani?

Mkoa wa Tabora haujawahi kukosa magitaa. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz: mzazi aliyekua karibu na redio anazijua bila kuambiwa. Asichokijua mara nyingi ni nani aliyezimiliki nyimbo zile. Miaka ya 1960 na 1970, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki walipiga, fundi mitambo akarekodi, na mkanda ukabaki maktaba ya redio. Wachache walishika kalamu na gitaa na pia wakafika mbali kurekodi. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Dodoma aliyeiongoza Afro 70, alitunga, aliimba, alipiga gitaa na kinanda, akaenda hadi Sweden kurekodi na kundi la Archimedes. Alifariki mwaka 2004. Wimbo wake "Harusi" ungali unachezwa kwenye sherehe, na wengi wanaoucheza hawajui ni wa nani.

Siku hizi mitambo imehamia chumbani. Nzega kuna kijana wa miaka 19 mwenye bendi ya watu wanne. Hawapigi Bongo Fleva wala singeli. Wanapiga roki, na majirani wamekwishazoea. Yeye ndiye anayetunga na kurekodi, kwa kompyuta ya mtumba, maiki moja na magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Umeme analipa baba yake, fundi seremala. Mama anapika chakula cha watu saba.

Kelele hazikuwasumbua wazazi. Kilichowasumbua ni siku mpiga besi alipojitoa na kudai aandikwe mtunzi wa nyimbo zote, kwa kuwa "tulizifanya pamoja". Kijana akakataa katakata. Hawa wawili wamesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na mama zao wako kikoba kimoja. Wiki ile kikao cha kikoba kilikuwa kizito.

Vijana huchanganya mambo ambayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeyatenganisha. Mtunzi ana hakimiliki, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake; maana yake hata wajukuu wanahusika. Aliyepiga au kuimba ana hakishiriki kwa alichokipiga, na mtayarishaji ana yake katika rekodi. Kuwepo chumbani wimbo ukitungwa hakumfanyi mtu mtunzi. Ila kupiga besi nako si kazi ya bure.

Baba aliwaita wote wanne sebuleni, akaweka mezani daftari lake la mahesabu ya mbao.

"Baba, hii ni biashara yetu," kijana alilalamika.

"Mwanangu, kama ni biashara basi iandikeni."

Wakapitia wimbo mmoja mmoja: nani alileta maneno, nani sauti, nani alipiga nini. Ilichukua mchana mzima. Katika nyimbo kumi na moja, kijana mwenyewe alikiri kwamba mbili beti zake zilikuwa za mpiga besi. Zikaandikwa hivyo, wote wakatia sahihi, na kila mmoja akapiga picha ukurasa kwa simu yake.

Mpiga besi hajarudi kwenye bendi. Mama zao wanasalimiana.