Ziara Yetu na Mdogo Wangu Mpya

Mimi sijawahi kupanda ndege wala kuiona Mombasa. Matembezi ninayotaka kuwasimulia yalianzia Migori yakaishia Homa Bay, na yalichukua siku moja tu ya likizo ya Agosti mwaka wa 2024.

Mwezi wa Julai mwaka huo, baba na mama walileta nyumbani msichana wa miaka mitano kutoka makao ya watoto huko Pwani. Walitaka kumwasili, yaani awe mtoto wao kwa sheria sawa na mimi. Jina lake silitaji, mama amenikataza. Sheria inataka mtoto akae kwanza na wazazi wapya miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijapelekwa mahakamani, kwa hivyo wakati huo hakuwa wetu kabisa. Nami, kusema ukweli, sikutaka awe wetu. Nimezaliwa peke yangu, na kitanda changu nilikizoea peke yangu.

Kwetu tunaongea Dholuo. Baba na mama wanakijua Kiswahili kiasi lakini mchana hawapo, na nyanya hakijui kabisa. Mtoto naye alijua Kiswahili tu, tena kile cha Pwani chenyewe. Basi mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nikawa mkalimani. Mkalimani gani! Siku ya kwanza nilimwambia, "Kuja hapa ukule." Akanijibu, "Si kuja, ni njoo. Si ukule, ni ule." Nyanya akataka nimtafsirie, nikadanganya kwamba mtoto ameshiba.

Alikuja na mfuko wa kitambaa chekundu. Nguo zake zote zilikaa humo. Mama akizitoa na kuzikunja kabatini, asubuhi tunazikuta mfukoni tena. Siku ya safari, mama aliposema tunaenda kutembea, mtoto alitoka na viatu amevaa, mfuko begani. Hakuuliza twaenda wapi.

Tulianza na Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Hapa lazima nisimame kidogo, maana ni aibu mtu wa Migori kutopajua. Ni boma la mawe lililojengwa yapata karne ya 16. Mawe yamepangwa tu, hakuna saruji wala udongo wa kuyashikanisha, na bado kuta zimesimama, kwingine zapita mita nne kwenda juu. Mlango ni mwembamba na mfupi, ukiingia sharti uiname. UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Lililonishangaza ni kwamba waliokaa humo hawakuwa ukoo mmoja. Wabantu walikaa wakaondoka, Waluo wakaja, na walioingia walizikarabati kuta walizozikuta.

Tulipofika mlangoni mtoto alikataa kuingia. Aliketi chini akakumbatia mfuko. Mama alidhani anaogopa nyoka. Nilimwinamia nikamuuliza ana nini. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapa ndipo mwaniacha?"

Lo! Aliona ukuta na mlango, akajua ni makao mengine. Kumbe kila alipopandishwa gari na mfuko wake, hakurudi tena alikotoka. Nyanya aliniuliza amesema nini. Mara hii sikudanganya, nilitafsiri neno kwa neno. Baba aligeuka akaanza kuyatazama yale mawe, akayatazama sana.

Nilimwambia tutaingia wote na tutatoka wote, na usiku tutalala kitanda chetu. Akanipa mkono. Tulipotoka alituhesabu kwa kidole: watano. Akahesabu tena.

Tukapita Ndhiwa na Rodi Kopany hadi Homa Bay. Mlima Asego tuliutazama kutoka chini tu, nyanya hakuuweza. Ufuoni mtoto alichota maji akayaonja, akashangaa. "Bahari hii haina chumvi!" Nikamweleza kwamba ni ziwa, kubwa kuliko yote Afrika. Mama naye alikuwa akipiga kelele ati atapata kichocho.

Jua lilipopungua mama alinunua gorogoro mbili za omena kwa akina mama wanaoanika pale. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na kikapu si tulikiacha nyumbani! Tukiwa tunababaika, mtoto aliufungua mfuko wake mwekundu, akatoa nguo moja moja akanipa nizishike. Akamwambia mama, "Watie humu."

Nyanya hakuniuliza amesema nini.

Amri ya mahakama ilipatikana mwaka wa 2025. Mfuko ule ulinuka samaki mwezi mzima, na nguo zake ziko kabatini, rafu ya chini. Ya juu ni yangu. Hapo nilikataa katakata.