Santuri ya Marehemu

Mwezi wa Disemba uliopita mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alinijia nyumbani na daftari dogo mkononi. Ndani ya daftari hilo alikuwa ameandika hesabu ya fedha alizojiwekea kwa miaka miwili: zawadi za Idi, ujira wa kumsaidia baba yake dukani nyakati za likizo, na malipo madogo ya kuwafundisha hesabu watoto wa jirani. Alitaka kununua mtambo wa kuchezea michezo ya video, na madukani alikuta mitambo ya namna mbili. Mmoja una tundu la kutilia santuri. Wa pili hauna tundu, michezo yake yote hupakuliwa kwa intaneti, na bei yake ni nafuu. Akaniuliza, "Mjomba, ungalikuwa wewe, ungalichukua upi?"

Huenda ukadhani, msomaji wangu, kuwa swali hilo ni jepesi, na kwamba mtu mzima hana haja ya kulitafuna. Nami nalidhani vivyo hivyo. Nilifungua kinywa nimjibu, nikajikuta sina neno, kwa kuwa mbele ya macho yangu ilisimama sura ya kaka yangu. Nikamwambia kijana arudi baada ya juma moja. Haya nikuandikiayo ndiyo niliyoyafikiri katika juma lile.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya neno. Wazee wetu waliita santuri zile sahani nyeusi za gramafoni. Ninyi vijana husema sidii. Mimi nitashika neno la wazee, maana kitu chenyewe ni ndugu wa kile cha kwanza: sahani ya mviringo yenye alama ndogo mno ndani yake, ila badala ya sindano husomwa kwa mwali wa nuru.

Kaka yangu alikuwa karani Kilindini, nasi tulikaa Kisauni. Mwaka 2017 alinunua mtambo uliokwisha kutumika kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama, pamoja na santuri mbili: mmoja mchezo wa mpira, wa pili wa mashindano ya magari. Juu ya jalada la kila moja aliandika jina lake kwa wino mzito. Nilimcheka kwa kufanya hivyo, kana kwamba ni mtoto wa shule aandikaye jina kwenye rula. Lakini alijua alitendalo, kwa sababu santuri zile hazikukaa nyumbani. Mwenye mpira alimpa mwenye magari, mwenye magari akampa mwenye vita, na baada ya mwezi mmoja santuri yako ilikuwa imelala katika nyumba nane na kurudi na alama ya kidole chenye mafuta ya samaki. Aliyechoshwa na mchezo aliuuza, akaongeza kidogo, akanunua mwingine. Hivyo kijana mwenye santuri moja alicheza michezo ishirini, na wala hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Ugomvi ulikuwako, sikufichi. Santuri ya vita ilirudi imekwaruzwa kama iliyosuguliwa kwa mchanga, na vijana wawili hawakusemezana hata mwezi wa Ramadhani ulipowapatanisha.

Ilipofika mwaka 2020, na maradhi ya korona yakazuia watu kutembeleana, tuligeukia michezo ya kupakua. Ili kununua ilipasa kufungua akaunti. Katika orodha ya nchi tuliyoonyeshwa Kenya haikuwamo, basi kaka akaandika nchi nyingine kuwa ndiyo makazi yake, akatia anwani yake ya barua pepe na namba yake ya simu. Mimi nilitoa nusu ya fedha. Hata mwisho wa mwaka 2021 tulikuwa na michezo 11. Tulioupenda zaidi ni mchezo wa shamba: tulilima, tukapanda, tukafuga, na mbuzi mmoja tukampa jina la shangazi yetu, ambaye hana habari hiyo mpaka leo. Kila jioni kaka alipotoka kazini tulikwenda shambani kwetu, ingawa shamba lenyewe halikuwa na udongo.

Kaka yangu alifariki mwezi wa Februari 2022, baada ya ugonjwa wa siku chache.

Mirathi ilipogawanywa vilihesabiwa vitu vyote alivyoviacha: akiba yake, baiskeli, saa ya mkononi, mtambo wa michezo. Michezo 11 haikutajwa na mtu yeyote, nami pia sikuitaja. Haikunipitikia kuwa ni mali ya kurithiwa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mtambo, na mtambo ulikuwa sebuleni kwetu. Mwaka uliofuata kifaa cha kuhifadhia ndani ya mtambo kilikufa. Fundi alitia kipya, mtambo ukawaka, lakini uliwaka mtupu kama nyumba iliyohamwa. Ukaniuliza neno la siri la akaunti. Sikulijua. Ukaahidi kupeleka tarakimu za kunitambulisha kwa namba ya simu ya kaka. Nikaipiga namba ile. Akapokea mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole, akaniambia kwamba nimekosea namba. Laini ya marehemu ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Nikaiandikia kampuni, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Walijibu kwa adabu kwamba akaunti ni ya aliyeifungua peke yake, wala haihamishwi kwa mtu mwingine. Shamba letu, na mbuzi wetu, vikaishia hapo.

Usidhani kwamba nililaghaiwa. Nilirudi kuyasoma masharti ambayo kaka nami tuliyakubali bila kuyasoma, nikayakuta yamesemwa waziwazi: tulichokilipia ni idhini ya kucheza, na mchezo wenyewe ulibaki kuwa wa wenyewe. Neno "nunua" lililoandikwa kwenye kitufe tulilifahamu kwa maana ya sokoni, nalo lilikuwa na maana nyingine. Wala si sisi tu tuliotatizika nalo. Katika jimbo la California, Marekani, ilibidi itungwe sheria, iliyoanza kutumika 1 Januari 2025, kuwakataza wauzaji wa bidhaa za namna hii kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba apatacho ni idhini. Ninaona kuwa sheria ile ni ya haki. Mtu akinipangisha chumba, na aseme amenipangisha.

Na idhini hukatika. Mwezi wa Agosti 2014 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa bure mchezo mfupi wa kutisha uitwao P.T. Haukupata kutiwa katika santuri. Mwezi wa Aprili 2015 uliondolewa dukani, na tangu hapo watu wamekuwa wakiuziana kwa bei kubwa mitambo ya zamani kwa sababu tu mchezo ule bado umo ndani yake. Mwezi wa Machi 2023 Nintendo ilifunga maduka ya intaneti ya mitambo yake miwili, Wii U na 3DS. Aliyekwisha kununua aliachiwa kupakua tena, lakini mnunuzi mpya alikuta mlango umefungwa. Mwaka huohuo chama kiitwacho Video Game History Foundation kilichapisha uchunguzi wake: katika kila michezo 100 iliyotolewa Marekani kabla ya 2010, 87 haipatikani tena kwa wauzaji wa halali. Wewe usomaye kitabu hiki unaweza kwenda maktaba ukaazima hadithi iliyochapishwa kabla babu yako hajazaliwa. Mchezo aliouchezea baba yako alipokuwa kijana huenda usiupate.

Nalikuwa nimefika hapo, na jibu langu kwa mpwa wangu limekwisha kupikika, nilipokumbuka mambo yaliyonirudisha nyuma.

La kwanza ni kwamba santuri nayo si ngome. Ulikuwako mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwezi wa Disemba 2014. Mchezo huo haukuchezeka pasipo kuunganishwa na seva za kampuni, hata kwa mtu aliyetaka kujiendeshea gari peke yake. Seva zilizimwa 31 Machi 2024. Aliyeupakua aliukosa, na aliyekuwa na santuri yake kabatini alibaki na kisahani kinachong'aa kisichofungua kitu. Jambo hilo liliwaudhi watu hata ikaandikwa hoja ya kuutaka Umoja wa Ulaya utunge sheria, na kufikia Julai 2025 ilikuwa imetiwa sahihi na watu zaidi ya milioni moja. Tena mwaka huo wa 2025 Nintendo ilipotoa mtambo wake mpya, Switch 2, baadhi ya michezo iliuzwa kwa kadi ambazo ndani yake hamna mchezo. Kadi ni ufunguo tu. Mchezo wenyewe sharti upakuliwe. Kadi hiyo yaweza kuazimwa na kuuzwa kama santuri ya zamani, lakini siku duka la intaneti litakapofungwa, ufunguo utabaki bila nyumba.

La pili, michezo ya kupakua imewafikia watu ambao santuri isingaliwafikia. Kijana wa Lodwar hana haja ya kupanda basi hadi Nairobi. Na watengenezaji wadogo, wasio na fedha za kuchapisha maelfu ya santuri na kuzisafirisha kwa meli, wamepata uwanja. Mwaka 2016 kampuni changa ya Yaoundé, Kameruni, iitwayo Kiro'o Games, ilitoa mchezo wake Aurion, wenye visa na mavazi yaliyobuniwa kwa kufuata mila za Afrika, na ikauuza ulimwenguni kupitia duka la intaneti la Steam. Sioni ni vipi Waafrika hawa wangalipata nafasi katika rafu za maduka ya London kwa njia ya santuri.

Gharama ya intaneti nayo sharti ihesabiwe. Mchezo mkubwa wa siku hizi huchukua gigabaiti 60 au zaidi. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo hushuka kwa muda wa saa 13 na zaidi, ikiwa umeme haukukatika na hakuna mwingine nyumbani anayetazama filamu. Anunuaye bando la simu atalia. Hata hivyo mwenye santuri asijitape, kwa kuwa siku hizi ukiitia tu, mtambo hukuambia kuna marekebisho ya kupakua, na mara nyingine marekebisho hayo huwa makubwa karibu sawa na mchezo.

Jioni ya siku ya tano ya juma lile nalikuwa nimekaa barazani nikiyapima mambo haya, yakinishinda, alipofika kijana mmoja wa mtaani ambaye sikumwona kwa miaka mingi. Alikuwa amekwenda Eldoret kusoma chuo kikuu, kisha akapata kazi hukohuko. Alikuwa na bahasha iliyofungwa kwa nailoni. Aliniamkia, akakaa, akauliza hali za wote wa nyumbani, ndipo akanipa bahasha. "Hii ni amana ya marehemu," akasema. "Aliniazima kabla sijaondoka. Nilisikia msiba nikiwa mbali, na kila nikija likizo naona haya kuileta."

Ilikuwa ule mchezo wa mpira wa mwaka 2017. Jina la kaka yangu lilikuwa bado juu ya jalada, na ile herufi ya mwisho ameivuta mkia kama alivyozoea. Niliutia mtambo santuri ile usiku. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja karibu na ukingo, mtambo ukaguna kidogo, kisha ukaanza. Haukuniuliza neno la siri. Wachezaji wengi wa mchezo ule wamekwisha kustaafu, na jezi zao ni za kale. Nilicheza mechi mbili nikafungwa zote, maana kaka ndiye aliyekuwa hodari.

Mpwa wangu aliporudi nilimweleza yote niliyokueleza wewe, pamoja na Aurion na saa 13, wala sikumficha habari ya The Crew. Nilimwambia kwamba akichukua mtambo usio na tundu, akaunti aifungue kwa jina lake na namba yake mwenyewe, neno la siri aliandike na kumpa mama yake alifungie sandukuni. Alisikiliza huku akiandika katika daftari lake. Mwishoni akauliza iwapo mtambo mpya wenye tundu unaweza kusoma santuri ya mtambo wa zamani. Nikamwambia kwamba kwa mtambo ule autakao, waweza. Akahesabu tena fedha zake, akaona zimepungua, akasema atangoja hadi likizo ya Aprili.

Alingoja. Siku alipoununua, alikuja kwangu moja kwa moja kutoka dukani, boksi liko begani, akaniomba santuri ya mjomba wake. Nilimpa kwa sharti kwamba airudishe Jumapili. Jumapili alipita akaniambia kwamba ameiazima kwa mwenzake wa darasani, na kwamba jina la marehemu bado linasomeka.